Mkalimani Alikuwa Mama Imani

Leo nimedanganya ofisi ya serikali, na aliyenitafsiria uongo ni mteja wangu.

Saa nne asubuhi walinipigia simu kukagua upya msaada wangu wa chakula. Niliomba mkalimani, maana Kizungu changu cha kusukia watu nywele hakitoshi mambo ya ofisi.

Mkalimani akasema, "Habari yako, mama."

Nikaijua papo hapo. Ilikuwa sauti ya Mama Imani wa kanisa letu hapa Takoma Park, Marekani. Amefiwa na baba yake huko nyumbani, na alikuwa amenipa oda ya chapati mia moja za maombi ya leo jioni.

Hakuniita kwa jina. Kazi ni kazi.

Biashara ya kusuka niliiandikisha kwao kitambo. Afisa akauliza kama nina nyingine.

Jamani, chapati za watu wa kanisa nani huita biashara? Si ni kusaidiana tu? Ndivyo nimejiambia miaka miwili, huku nikinunua unga kwa magunia.

Nikasema hapana.

Nikasikia Mama Imani akivuta pumzi, kisha akamwambia afisa, "No."

Saa sita ameniandikia: "Chapati usilete, tutapika wenyewe. Hiyo hapana yako nimeisema kwa mdomo wangu, na baba hata sijamzika."

Unga nilikuwa nimeshaukanda. Bado uko hapa mezani, umefunikwa.

Mngekuwa ni nyinyi, mngempigia nani kwanza, yeye au afisa?