Malundo Saba ya Meneja

Nilijifunza umeneja wa shamba kwa siku sita, na hasara yake naibeba mpaka leo.

Kabla ya hapo nilikuwa karani bandarini. Kazi yangu ilikuwa kusimama chini ya winchi na kuandika magunia yanayoshuka melini. Tulipopunguzwa kazi nilipanda feri nikarudi kwetu Mtongwe, upande wa Likoni, nikiwa na suruali mbili za kaki na imani kubwa kwamba watu wa nyumbani wamelala. Shamba letu lilikuwa la minazi, mihogo na mikorosho michache. Baba alikuwa ameshafariki. Mama aliliendesha peke yake, bila daftari na bila kelele, nami kwa akili zangu za ukarani niliona kwamba shamba lisilo na kelele haliendeshwi.

Wakati huo serikali ilitangaza mafunzo ya kuendesha shamba kama biashara. Nilikuwa wa kwanza kujiandikisha. Mwalimu alikuwa bwana shamba wa Kizungu, mrefu, mwenye magoti mekundu, na mkalimani wake alikuwa kijana mpole wa kutoka bara ambaye nadhani hajawahi kuiona nazi ikiwa bado juu ya mti. Walitufundisha kahawa, maana ndiyo waliyoijua, wakatuambia kila wakisema kahawa sisi tuweke nazi. Tukaweka. Mambo mawili yaliniingia kichwani yakakaa. La kwanza, hakuna kitu kinachotoka shambani bure. La pili, takataka zote za shamba zikusanywe malundo, zichanganywe na samadi, zioze ziwe mboji. Siku ya sita tulipewa vyeti. Changu nilikitia kwenye fremu kabla sijala chakula cha mchana.

Nilirudi nyumbani na filimbi. Nilinunua pia kofia ngumu kama ya bwana shamba, na nikajenga lango. Ua haukuwapo, kwa hiyo watu walikuwa wakilizunguka lango langu huku wakinisalimu kwa adabu. Nilipuliza filimbi saa moja asubuhi kuita wafanyakazi, na wafanyakazi walikuwa mama na mimi. Mama alikuwa ameshaamka tangu alfajiri na nusu ya kazi ameshaimaliza.

Yeye alikuwa na kitu kimoja tu alichokiita chake katika shamba lile. Alipotoka eda ya baba alipanda minazi thelathini sehemu ya chini, karibu na kisima, kwa mikono yake. Aliimwagilia kwa ndoo kiangazi baada ya kiangazi, na alimwambia kila mtu kwamba nazi za minazi ile ndizo zitakazompeleka Makka. Hakutaka kupelekwa na mtoto wala ndugu. Mwaka niliorudi mimi ilikuwa inaingia mwaka wa saba, na michache ilikuwa imeanza kutoa makarara ya maua. Mama alikuwa akienda kuitazama kila jioni, kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa aliyepata nafuu.

Sasa, tangu zama za bibi yangu, wanawake wa jirani walikuwa wakiingia shambani kwetu bila kuomba ruhusa. Waliokota makuti yaliyoanguka, makumbi ya nazi, na magogo ya minazi mikuukuu, ambayo waliyapasua kuni. Kisha walikaa uwanjani wakisuka makuti ya kuezekea, na katika kila makuti kumi walimwachia mama kuti moja. Mkubwa wao alikuwa bibi mmoja mjane, mfugaji wa kuku, aliyekuwa rafiki wa mama tangu usichana wao. Ikifika adhuhuri shamba zima limefagiliwa, huoni hata kumbi moja chini. Mimi nilichokiona ni magunia yanayoshuka melini bila kuandikwa.

Niliwakusanya, nikapuliza filimbi ingawa walikuwa wamesimama mbele yangu, nikawaeleza kwamba kuanzia siku ile makuti yatauzwa. Walinisikiliza mpaka mwisho. Yule bibi akanitakia heri, wakajitanda leso zao wakaondoka. Mama aliniita kando akaniambia, "Hawa si vibarua, mwanangu. Ni watu wetu." Nikamjibu kwamba katika biashara hakuna watu wetu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba na nilidhani nimesema jambo kubwa.

Hakuna aliyekuja kununua makuti. Hilo halikunishtua, kwa sababu mafunzo yalikuwa yameshanipa dawa yake. Nilikusanya makuti, makumbi, magogo na samadi ya ng'ombe, nikapanga malundo saba kwenye mstari ulionyooka sawasawa. Niliyaweka pembeni mwa minazi ya mama, ili mboji itakapokuwa tayari isibebwe mbali. Nilijiona mtoto mwema. Bwana shamba alikuja na kamera akanipiga picha nimesimama mbele ya lundo la kwanza, kisha akaleta wakulima wa Changamwe na Kisauni wajifunze kwangu. Niliwahutubia. Wengine waliandika niliyoyasema, Mungu awasamehe.

Masika yalipita. Kisha siku moja mama akaniita kisimani. Majani machanga ya minazi yake yalikuwa yamekatwa, upande huu na upande huu, kana kwamba mtu amepita na mkasi. Wiki iliyofuata michache ilikuwa imenyauka kileleni. Nikajua mara moja ni nani. Ni wale wanawake, nilisema, wamekuja kulipiza kisasi. Mama alinikatalia na mimi sikumsikia. Nilimwita mzee wa mtaa, nikamwita na yule bibi wa kuku, na mbele ya watu nikamwambia arudishe mkasi wake nyumbani na aiache minazi ya mama yangu.

Yule bibi alinipita akaingia minazini. Aliitazama minazi kwanza, mmoja baada ya mwingine, na nikaona uso wake unaharibika. Kisha akaokota kijiti, akaenda kwenye lundo langu la kwanza, akachimba. Alirudi na funza mweupe, mnene kuliko kidole gumba, akaniwekea kiganjani.

"Mwivi wako ndiye huyu," alisema. "Akikua ni chonga, dudu la pembe, hula moyo wa mnazi. Sisi tukimuona kwenye magogo twampa kuku. Wewe umemjengea nyumba saba."

Nilibaki nimemshika yule funza, anajinyonganyonga. Mama ndiye aliyemwomba radhi rafiki yake, kwa maneno ambayo yalipaswa kutoka kinywani mwangu. Wanawake walirudi kesho yake bila kuitwa, wakafumua malundo na kuyachoma moto, na wakanifundisha kuwatoa chonga mmoja mmoja kwa waya katika vilele. Katika minazi thelathini ilipona sita.

Bwana shamba alifika, akasikitika, akasema yeye alifundisha kwamba malundo yapinduliwe kila baada ya wiki mbili, labda mkalimani alisahau. Mkalimani alisema labda ni malundo ya kahawa ndiyo yasiyohitaji kupinduliwa. Kila mtu alikuwa na wa kumsingizia. Mimi wangu nilikuwa nimeshamtumia.

Mama hakunigombeza hata siku moja, na ningetoa chochote anigombeze. Niliona haya kula naye sinia moja. Nilipopata tena kazi nilimwambia nitamlipia safari, akasema hiyo itakuwa hija yangu, si yake. Minazi mingine hakupanda. Alisema magoti hayana tena miaka saba.

Miezi michache kabla ya uhuru meli ya mahujaji ilikuja Kilindini, na wanawake wawili wa Likoni walikuwa wanasafiri. Mama alitaka kuwasindikiza, nikaenda naye nikiwa nimebeba mizigo ya watu. Pale gatini alimshika mikono mmoja wao akamwomba amtaje kwa jina akifika Arafa. Yule mama akamwahidi. Mama akageuka akaniangalia, kwa muda mrefu na bila chuki, kisha akamgeukia tena.

"Na huyu mwanangu naye umtaje," akasema. "Muombee akili."

Yule mama akaitikia amina. Nami nikaweka mizigo chini nikaitikia amina.