Pale Baba Alipovuta Pumzi

Baba yangu alipiga tarumbeta katika bendi ya usharika wetu, huko Muleba, tangu mimi sijazaliwa mpaka meno ya mbele yalipomtoka. Wimbo wake mkubwa hakuutoa kwenye kitabu cha nyimbo. Aliutoa kwenye kaseti ya simfoni aliyoachiwa na mchungaji mgeni, ile sehemu ya polepole, akaugeuza kuwa wimbo wa kusindikiza jeneza. Watu wa kwetu wanazikwa nao hadi leo, na mimi najivunia jambo hilo bila aibu.

Mwaka jana tulipata mwalimu mpya wa bendi, kasomea muziki. Akamwambia baba mbele ya wapigaji, "Mzee, pale katikati ulipowafundisha kuvuta pumzi si mahali pake. Mstari ule unakwenda moja kwa moja." Mwalimu huyo alipofika nyumbani kusalimia, baba hakumpa kahawa ya kutafuna. Kwetu mgeni hanyimwi kahawa. Nikajua mzee kaumia.

Mimi naishi mjini, Hamugembe, na hasira za baba nimezirithi zote. Nikapakua rekodi nne za simfoni ile, za okestra nne tofauti, nikaenda Muleba kumtetea. Tukaketi sebuleni, simu mezani, kahawa mdomoni. Ya kwanza ilikimbia kama watu wanaowahi kuanua kahawa mvua ikija. Ikapita pale bila kupumua. Ya pili ilikuwa nzito na tamu, ningeisikiliza kutwa. Haikupumua. Ya tatu, fidla zilifunika kila kitu. Ya nne, ya zamani yenye mikwaruzo, niliiombea kabisa. Nayo ikapita.

Nilitamani simu izime. Baba akatafuna taratibu, akasema, "Wanapiga vizuri sana. Huyo wa pili ndiye bingwa wao. Lakini mwanangu, hawa wote wamekaa kwenye viti."

Nilidhani anajifariji tu.

Mwezi uliofuata tulimzika jirani yetu. Kutoka kanisani hadi kwenye kibanja chake cha migomba ni mlima mtupu. Mwalimu alitangulia mbele ya jeneza, akaupiga wimbo wa baba kwa namna yake, moja kwa moja. Alijitahidi, sitamnyima haki yake. Lakini mlima ulipokaza, kifua kilimgomea, akavuta pumzi palepale alipopumua baba miaka yote. Bendi nzima ikapumua naye. Na katika kimya kile kifupi niliwaona wabebaji wakibadilisha bega, wote kwa pamoja, kama walivyozoea, jeneza lisitikisike hata kidogo.

Umri wangu wote nimeusikia wimbo ule, na sikuwahi kujua kwamba baba alikuwa akiwapigia wabebaji.

Baada ya maziko mwalimu alimfuata baba pale migombani, akavua kofia. "Shikamoo, mzee," akasema.

Baba akaitikia, akatia mkono mfukoni, akamtolea kahawa.