Ungekuja Mwenyewe Tu

"Miaka thelathini na ushee mtu anaingia mlango huu, leo anakuja kwangu ameshika hewa! Hata mtu aliyekimbia nyumba inaungua anatoka na sufuria! Hata mwizi, jamani, mwizi akija kwa mtu anakuja na gunia lake!"

Aliyekuwa anasema hayo ni Esta, Mama Careen, amesimama katikati ya sebule yake kule Mamba mlimani, mwiko wa makande mkononi. Aliyekuwa anaambiwa ni jirani yangu wa sokoni Same, Fadhila, Mama Sumaiya. Yeye amekaa kwenye kochi, miguu ameinyoosha kwa ajili ya magoti, anakitazama kitambaa cha meza kama mtu anayesoma barua. Mimi nimebanwa katikati yao na kikombe cha chai, natafuta mahali pa kuweka macho.

"Muulize shemeji huyu," Esta akaendelea. "Shemeji kaja kununua tangawizi, mtu wa biashara zake, na kaniletea kilo ya sukari. Wewe?"

Nikaijutia ile sukari. Ningejua ningeiacha kwenye gari.

Ngoja nikueleze walivyofika hapo, maana ukiwasikia tu utadhani ni wanawake wagomvi. Si wagomvi. Wamechoka.

Fadhila ni mzaliwa wa Bendera, akaolewa Same na Jabiri, fundi cherehani. Jabiri alishatangulia mbele ya haki. Alimwachia mkewe cherehani ambayo mama hajui hata kuitia uzi, lakini meza ya dagaa na mchele pale sokoni alishaianzisha mwenyewe zamani, na hiyo ndiyo inayomweka mjini. Mimi nauza viungo meza ya pili. Nikichelewa kufungua ananifungulia, nikimtania anajifanya hasikii. Ndivyo tunavyoishi.

Esta, Fadhila alimpata stendi. Mwaka mmoja mvua iliikata barabara ya mlimani, na Esta alikuwa ameshuka Same na Careen mgongoni, bado mchanga. Magari hayapandi. Fadhila akapita, akamwona ameegemea ukuta, akamwambia, "Dada, twende nyumbani, hapa si mahali pa mtoto." Akakaa kwao siku nne, anakula, analala, mtoto anaogeshwa kama wa hapo hapo.

Mwezi uliofuata Esta akashuka na kikapu. Ndizi, magimbi, na jogoo juu anachungulia. Sasa huku kwetu kikapu cha mtu hukirudishi kitupu, hata kama ulikuwa huna mpango. Fadhila akakijaza mchele. Esta alipofika kwake akaona mchele ule umezidi ndizi zake, akaona aibu, safari iliyofuata akaja na vikapu viwili. Navyo vikarudi na mchele, sukari na doti ya khanga. Wakaenda hivyo, Idi na Krismasi, mpaka vikapu vikashindwa, wakahamia kwenye shangazi kaja, ule mfuko wa mistari unaobebwa na watu wawili. Mtu wa pili nilikuwa mimi. Mgongo wangu ni shahidi.

Na mambo haya yana taratibu zake. Mzigo humpi mtu mlangoni watu wakiona. Unamfuata mwenye nyumba jikoni, unauweka chini pembeni, unasema, "Hiki kidogo cha watoto," hata kama watoto wenyewe wana watoto. Mwenye nyumba haufungui. Anaangalia kwingine, anasema, "Jamani, umejisumbua nini? Ungekuja mwenyewe tu." Halafu ukitaka kuondoka anakufungia wa kwake, wewe unalalamika kwamba hutaweza kubeba vyote hivyo, na unabeba. Lile neno la kuja mwenyewe halina uzito wowote. Ni kama kukohoa.

Matokeo yake wakaacha kuonana. Fadhila akisikia hamu ya rafiki yake, kwanza anaangalia gunia la mchele liko wapi. Likiwa limeisha, safari hakuna. Mume wa Esta, mzee Wilbard, alipofariki, Fadhila alichelewa siku mbili anangoja mzigo wa mchele, asiende msibani mkono mtupu. Alipofika juu, walishazika. Alifika na gunia zuri sana. Mpaka leo ukilitaja hilo anainuka anaenda kupanga dagaa zilizokwisha kupangika.

Basi mwaka jana akapanda tena, na mfuko wake umejaa. Careen, ambaye sasa ni mama mtu mzima, akamtokea uani. "Shikamoo, mama mdogo. Mama hayupo, ameenda mazoezi ya kwaya." Siku yenyewe Jumanne, saa nne asubuhi. Jikoni moshi unatoka, na ndani ya moshi mtu anakohoa kikohozi ambacho Fadhila anakifahamu kuliko chake. Akamwachia Careen mzigo. Careen akamsindikiza mpaka barabarani, na pale machozi yakamtoka. "Mama mdogo, usimchukie. Tangawizi yote imeoza shambani, ndizi zimeangushwa na upepo. Amekuona unapanda, akasema hana cha kukufungia, akajificha."

Hayo yote Fadhila alinisimulia juzi, tukiwa kwenye pikapu ya kufuata tangawizi. Nilishangaa kumwona ana pochi yake tu. Nikamwambia, "Mama Sumaiya, mzigo umesahau?"

"Sijasahau."

"Tugeuze gari?"

"Nasoro, mtu amejificha kwenye moshi kwa sababu yangu. Nikienda na mchele leo, atajificha wapi? Kisimani?" Tukapita kona mbili. "Nataka nimwone tu. Nikae, nile chakula chake, nishuke. Basi."

Mimi nikaona ni jambo la akili. Ndiyo maana huwa siulizwi mambo ya wanawake.

Sasa turudi sebuleni. Esta alipokwisha kumtaja mwizi na gunia lake, Fadhila akainua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Mama Careen, si uliniambia nije mwenyewe tu?"

"Nilikwambia lini?"

"Kila siku. Tangu Careen ananyonya unaniambia umejisumbua nini, ungekuja mwenyewe tu. Haya, nimekuja mwenyewe. Nitazame basi."

"Hayo si ya kufanya! Hayo ni ya kusema!"

"Mimi nimechoka kuyasema. Magoti yangu yamechoka. Huyu Nasoro amechoka."

Nikatikisa kichwa kukubali, Esta akanikata jicho, nikarudi kwenye chai.

"Jirani wote wamekuona unashuka kwenye gari," Esta akasema, na sauti sasa imeshuka. "Mama Sifael alikuwa pale kwenye migomba, amekuona mikono yako. Kesho kanisani watasema yule rafiki yake wa Same ameona hali ya Esta imekuwa mbaya, hamletei tena, maana hana cha kurudisha."

"Waseme."

"Wewe unasema waseme kwa sababu unashuka. Mimi ndiye nitakayekaa nao." Akauweka mwiko mezani. "Na wewe unafikiri hivyo hivyo. Umenihurumia. Umekaa huko kwako ukasema, huyu maskini, nisimpelekee kitu, nitamtesa."

Fadhila akakinyoosha kitambaa cha meza. Angesema sivyo, ingekuwa uongo, naye hapendi kusema uongo akisubiri chakula cha mtu.

"Careen alikuambia," Esta akasema.

"Alikuwa analia."

"Kwa hiyo ulijua siku zote hizi kwamba nilikuwa jikoni."

"Nilikusikia unakohoa, mwenzangu."

Hapo Esta akakaa. Siyo kwenye kochi, kwenye mkono wa kochi, kama mgeni. Makande yakaanza kunukia kuungua, na hakuna aliyeinuka. Nikafikiria niende mimi, nikaogopa.

"Tangawizi ilioza yote," Esta akasema mwisho. "Unang'oa, unashika maji maji. Nilikuwa na gimbi moja ndani. Moja! Ningekufungia gimbi moja?"

"Ungenipa kiti nikae."

"Kiti," akasema Esta, kama ndiyo mara ya kwanza anasikia hicho kitu. "Umepanda mlima wote huu uje kwenye kiti."

Tulikula makande yenye moshi. Waliulizana habari za Sumaiya, habari za presha, nani amefariki. Kuna wakati Esta alicheka kidogo, nikadhani mambo yamekwisha, nikaongeza sahani. Lakini dereva alipopiga honi, akaingia jikoni mbio, akatoka na kiroba kidogo. Magimbi manne, na mkono wa ndizi mbichi ambao haujakomaa hata kidogo, umekatwa kabla ya siku zake. Unauona tu unajua ulikuwa ndio wa pekee mgombani.

"Chukua."

"Sichukui."

"Fadhila, chukua." Alimwita jina, na sikuwahi kumsikia akimwita jina. "Usitoke kwangu mikono mitupu. Umekuja mitupu, utoke mitupu? Watu watasema tumegombana."

"Nikichukua hiki, Idi nitakuja na nini? Halafu wewe Krismasi ukate nini?" Akamshika mkono, akakirudisha kile kiroba kifuani kwa mwenyewe. "Iache ndizi ikomae."

Akavaa ndala zake mlangoni, taratibu, goti moja halafu la pili. Akashika njia ya barabarani, mimi nyuma.

Esta akatoka mpaka uani, kiroba kifuani. Nyumba ya pili Mama Sifael amesimama na ufagio, hafagii.

"Haya, mimi je?" Esta akaita. "Mimi nikitaka kuja kukuona Same, nije nimeshika nini? Mama Sumaiya! Niambie basi, nije vipi?"

Nikageuka kumtazama Fadhila. Alikuwa ameshaipita migomba, ameshika ukingo wa njia kwa mkono mmoja kwa sababu ya mteremko, anashuka, hageuki.