Miguu Isiyofika Chini

Urefu wangu ni sentimita mia moja hamsini na sita, tena nikiwa nimevaa soksi nene. Nalisema mapema ili mtu asije akanionea huruma bure, maana siku nainunua pikipiki ile nilijua urefu wangu, nayo haikunificha wa kwake. Ilikuwa imesimama bandani kwa mwalimu mmoja wa michezo kule mjini Siegen, hapa Ujerumani, mwanamume mrefu anayeinama kupita mlangoni mwake mwenyewe. Nilipoikalia, vidole vya mguu wa kushoto viligusa sakafu na mguu wa kulia ukabaki unaning'inia.

"Mama, nikuletee kigoda?" aliniuliza.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwalimu yule hakuitembeza hata kidogo. Alikunja mikono, akaniacha nijiuzie mwenyewe. Nikajisifia injini ya cc mia sita hamsini, kwamba si kubwa ya kutisha wala si ndogo ya kuchekwa. Nikajisifia rangi ya bluu, nikajisifia matairi. Mwisho nikajipunguzia bei euro hamsini, naye akakubali haraka mno.

Nilikuwa na miaka hamsini na nne. Mwanangu wa mwisho alikuwa amehama nyumbani mwezi ule. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa mpishi wa nyumba ya wazee, viazi vya watu themanini kila siku ya Mungu, na kila kitu nilichowahi kukiita changu kilikuwa kitu cha kuoshwa kisha kurudishwa kabatini. Leseni ya pikipiki niliipata nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Ilikuwa imelala kwenye droo pamoja na mishumaa ya keki. Kipendacho moyo ni dawa, nikaenda kuinywa dawa yangu.

Sasa nina miaka mitatu nayo, na mtu akiniuliza kama ni pikipiki nzuri, humjibu kwanza aketi. Naipenda inavyowaka kwa mguso mmoja hata asubuhi ya ukungu, wakati gari la mume wangu linakohoa kama mgonjwa wa wodini. Naipenda kwa petroli kidogo inayokunywa. Naipenda zaidi kwenye kona za kupanda bwawani, ambapo unailaza kidogo nayo inajua yenyewe inakokwenda. Lakini kiti chake ni kigumu kama benchi la kanisa letu. Breki ya nyuma hulia kama bata. Vioo vya pembeni vinanionyesha viwiko vyangu tu, vyote viwili, wazi kabisa, na sijui mwalimu yule alikuwa akivitazamia nini. Upepo nao unanipiga kwenye helmeti mpaka nikifika niendako nimekuwa kiziwi.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Hapa kwetu mwendesha pikipiki akikutana na mwenzake hushusha mkono wa kushoto, anamsalimia. Ni desturi. Majitu yenye ndevu, yamekalia mipikipiki ya bei ya nyumba, yananisalimia mimi, Roswitha wa viazi! Mara ya kwanza nililia ndani ya helmeti, na machozi ya ndani ya helmeti hayafutiki. Nilikaribia kuingia kwenye shamba la mahindi.

Tatizo ni kusimama. Kwenda naweza. Kusimama ndiko kunakotaka miguu. Najua kila ukingo wa barabara kati ya kwetu na mjini, maana nikisimama penye ukingo mguu wa kulia unapata pa kukanyaga. Taa nyekundu naiona kwa mbali kama mkopaji anavyomwona anayemdai. Napunguza mwendo, nazidi kupunguza, namwomba Mungu igeuke kijani kabla sijafika, na nyuma yangu magari yanapiga honi. Mara moja mvulana wa baiskeli alinipita, akanipungia mkono.

Nimeanguka mara mbili, zote nikiwa nimesimama tu. Ya kwanza ilikuwa kituo cha mafuta, mbele ya foleni nzima. Hakuumia mtu isipokuwa heshima yangu. Ya pili ilikuwa kwenye taa pale darajani. Niliegemea kulia, kumbe kulia ni mtaro. Mfupa wa bega ukavunjika.

Mume wangu Eckhard anafanya kazi ofisi ya wilaya inayosajili magari. Ana mita mbili kasoro sentimita mbili, na wakati ule hakuwa amewahi kupanda pikipiki hata ya kuchezea watoto. Ni mtu wa vifungu vya sheria. Mkimkaribisha chakula husoma kwanza maandishi ya kwenye kopo. Alikuja hospitali akiwa bado na kitambulisho cha ofisi shingoni, na nilipofungwa bandeji alisema pale pale:

"Rosi, nimekaa kwenye benchi lile dakika arobaini. Hakuna aliyeniambia kama ni bega au ni kichwa."

"Ni bega tu, mume wangu."

"Dakika arobaini sikujua kama ni bega tu. Ukianguka mara ya tatu, tunaiuza. Tangazo nitaliandika mwenyewe."

Nilimpa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umefungwa. Kwetu mkono ukishatolewa, mambo yameisha. Wiki sita Eckhard alipika tambi bila chumvi, na mimi nikazila bila kusema neno. Hapo ndipo nilipojua kwamba naipenda kweli pikipiki ile.

Halafu ukafika mwaka huu, na ibada ya pikipiki. Kila mwanzo wa msimu Mchungaji Wiebke huwakusanya waendeshaji wote wa mabonde haya kwenye uwanja wa kanisa. Anawabariki, kisha kila mtu anawasha injini yake kwa wakati mmoja, hiyo ndiyo amina yetu. Miaka miwili nilikuwa nimeikosa, mmoja kwa zamu ya jikoni, mmoja kwa bega. Mwaka huu nilijiandikisha mapema mno, Januari, nikaahidi na keki tatu za siagi juu yake. Tarehe sikuisoma. Niliona "ibada ya pikipiki" nikasaini, mtu mzima mwenye miwani miwili.

Alhamisi ya wiki yenyewe ndipo nilipoitazama karatasi vizuri. Jumapili, tarehe ishirini na tisa Machi. Pasaka ilikuwa mapema, Mchungaji alikuwa ameisogeza ibada mbele. Na pikipiki yangu ina namba ya msimu. Pembeni mwa kibao pameandikwa 04 juu na 10 chini, yaani Aprili hadi Oktoba, na miezi mingine hailipiwi ushuru wala haiingii barabarani. Eckhard ndiye aliyeijaza fomu ile, kwa mwandiko wake mzuri.

"Eckhard," nilimwambia wakati wa chakula, "siku tatu ni kitu gani?"

"Siku tatu ni siku tatu."

"Ni kilomita mbili na nusu tu. Nitapita njia ya nyuma."

"Njia ya nyuma nayo ni barabara ya umma."

"Basi nitaisukuma. Injini imezima kabisa."

"Hata kuisukuma. Hata kuiegesha kando ya njia." Akaweka uma chini. "Rosi, kabla ya tarehe mosi hiyo si pikipiki."

"Ni nini basi?"

"Ni mzigo."

Mtu mwingine angenuna. Mimi nilinuna pia, mpaka Ijumaa. Jumamosi nikajiuliza: mzigo si hubebwa? Nikavuka barabara kwenda kwa jirani yetu Bertold, ambaye ana trekta na tela la kubebea ndama.

Hivyo ndivyo nilivyowasili kwenye ibada ya pikipiki. Waendeshaji mia mbili walikuwa wameshapanga safu, vyuma vinang'aa, na kutoka bondeni likaja trekta linatembea mwendo wa bibi harusi. Nyuma yake tela lililo wazi, lenye nyasi kavu na harufu ya ndama. Juu ya nyasi pikipiki ya bluu imefungwa mikanda minne. Kando yake nimesimama mimi, nimevaa nguo za ngozi kutoka shingoni hadi miguuni, na helmeti nimeikumbatia. Eckhard alifuata nyuma kwa gari, na keki.

"Ndama wangu wa jana alikuwa mtulivu kuliko wewe!" Bertold alipaza sauti akizima trekta.

"Ndama wako hakuja kubarikiwa!"

"Alikwenda kwa mchinjaji. Angependa baraka yule!"

Watu walicheka, nami nikacheka zaidi yao, maana ukichekwa na mia mbili ni afadhali uwe wa mia mbili na moja. Ningeishia hapo ningekuwa na hadithi nzuri. Lakini nilipowaona wote wamekalia pikipiki zao na mimi nimesimama kando ya yangu kama mchungaji wa mifugo, roho iliniuma. Nikaanza kufungua mikanda. Wa kwanza, wa pili.

"Rosi," aliita Eckhard kutoka chini, keki mikononi. "Rosi, hapana."

"Iko kwenye stendi!"

Wa tatu, wa nne. Nikapanda. Stendi ilikuwa imekanyaga nyasi, na chini ya nyasi ni mbao iliyolowa mambo ya ndama. Mchungaji Wiebke alikuwa anakuja kwenye safu, mtu mmoja mmoja, anamwekea kila mmoja mkono begani. Alipofika kwenye tela alinitazama juu, akatabasamu, akaunyoosha mkono. Na mimi mjinga wa Mungu, badala ya kutulia, nikamjibu kwa salamu ya barabarani. Nikaushusha mkono wa kushoto.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Stendi iliteleza, mguu wangu ukatafuta sakafu usiione, na tukaenda chini polepole, pikipiki na mimi, tukaegemea ukingo wa tela, kisha ukingo ukatukataa tukalala kwenye nyasi mle mle telani. Sikuumia. Nilikuwa nimelala chali nikitazama mnara wa kanisa. Watu mia mbili, na nikasikia kuku wa mchungaji.

Nililala pale makusudi. Nilijua nikiinuka nitakuwa mtu asiye na pikipiki. Nikaziona kona za bwawani, nikaiona mikono ya kushoto ya majitu yenye ndevu, inashuka kwa mtu mwingine.

Tela likatikisika. Eckhard alikuwa amepanda. Hakunitazama kwanza. Aliinua pikipiki kwa mkupuo mmoja kama anainua kiti cha jikoni, akaifunga mkanda, ndipo akaja kwangu. Akanishika kichwa, bega moja, bega la pili.

"Wapi?"

"Hakuna mahali. Aibu tu."

Akaanza kunitoa nyasi kwenye nywele. Alizitoa moja moja, kisha akarudia pale pale alipokwisha kutoa, na mtu huyu hahakiki fomu mara mbili.

"Basi," nikasema. "Ya tatu. Nilikupa mkono, sirudi nyuma."

Aliinama akakitazama kibao cha namba. Alikitazama kama vile hajawahi kukiona, yeye aliyekiagiza.

"Leo tarehe ngapi?" aliuliza, kwa ile sauti yake ya dirishani ofisini.

"Ishirini na tisa."

"Ya mwezi gani?"

"Machi, Eckhard. Unajua."

"Machi." Akajinyoosha, mita mbili zote kasoro mbili. "Kilichoanguka hapa basi ni mzigo. Tulikubaliana kuhusu pikipiki. Mizigo nani anahesabu?"

"Mimi!" Bertold alifoka kutoka kwenye trekta. "Mmenipindia ukingo!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mchungaji Wiebke akanibariki huku anafuta machozi, kisha akambariki na Eckhard, ambaye hakuwa ameomba. Injini mia mbili zikawaka. Yangu sikuiwasha, nilihofia hata kuiwasha kuna kifungu chake.

Jumatano ilikuwa tarehe mosi Aprili. Saa kumi na moja jioni nilikuwa nimeshaitoa mpaka kwenye ukingo wetu wa mlangoni, mguu wa kulia juu ya jiwe, tayari. Eckhard akarudi kazini. Hakuingia ndani. Alifungua buti ya gari akatoa helmeti mpya, yenye karatasi ya bei bado, akaivaa na tai yake shingoni.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nyuma."

"Wewe? Utavunja springi."

"Nimesoma kitabu chake. Inabeba kilo mia moja themanini na tano. Mimi na wewe na tai hii tuko ndani ya sheria."

Akapanda. Pikipiki ikashuka sentimita mbili, nami nikaziona kama zawadi. Njia nzima alinisomea vibao vya mwendo sikioni, hamsini Rosi, sabini Rosi, hamsini tena, nikaiongeza sauti hiyo kwenye orodha ya nisivyovipenda. Tangu siku hiyo watu wa kijijini wanasema nimefungiwa magurudumu ya pembeni, kama ya baiskeli ya mtoto. Wana haki yao.

Lakini tulipofika kwenye taa ya darajani, ile ya mtaro, iligeuka nyekundu mbele ya macho yangu. Nilianza kuutafuta ukingo kama kawaida. "Simama katikati," alisema Eckhard. Nikasimama katikati ya barabara, mbali na kila kitu, na ile miguu yake mirefu ikashuka huku na huku, viatu vya ofisini vikakanyaga lami, na pikipiki haikutikisika hata kidogo. Miguu yangu iliachwa inaning'inia, haina kazi. Ilikuwa taa ndefu, na kwa mara ya kwanza sikuiombea igeuke.