Moduli ya Analogi na Meno ya Mzee Barasa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, cheti kwenye bahasha, ovaroli imepigwa pasi, na Fundi Mkuu wa kile kiwanda kidogo cha mafuta ya alizeti pale Bungoma akanielekeza kwenye chumba cha umeme. "Fagia," akasema. "Ukimaliza, fagia tena." Nilinuna. Nilidhani ni kwa sababu mimi ni msichana. Wiki iliyofuata nilimwona akimkabidhi mhandisi mgeni, mwanamume mwenye digrii, ufagio uleule, nikapoa. Vumbi, alituambia, huua umeme na hufunika maandishi.

Kazi yangu ilikuwa ya vipimo: kufunga na kutunza sensa zinazopima joto, uzito na unyevu mitamboni. Sensa hupeleka habari zake kwa mkondo mdogo sana wa umeme, unaohesabiwa kwa miliampia. Zote tulizokuwa nazo Bungoma zilianzia nne na kuishia ishirini. Kila Jumatatu Fundi Mkuu alinisimamisha mlangoni.

"Nne ni nini?"

"Ni mwanzo wa kipimo."

"Na sufuri?"

"Waya umekatika."

"Pita."

Nilipita mlango ule kwa miaka mingi, na jibu hilo likaniingia damuni. Mtaona lilivyokuja kunitia aibu.

Kiwanda kilipofungwa nilihamia Kitale, nikapanga nyumba Matisi na kuajiriwa kwenye ghala la mahindi lenye draya, yaani mtambo wa kukaushia. Mahindi huingia mabichi juu, hupulizwa hewa ya moto, hutoka chini yakiwa makavu. Feni na mikanda viliendeshwa na PLC, kompyuta ya kiwandani isiyo na mapambo, inayokaa ndani ya kabati la chuma ikiwasha na kuzima mitambo kwa kufuata maagizo. Lakini PLC yetu haikujua mahindi yamekauka lini. Aliyejua ni Mzee Barasa.

Mzee Barasa alikuwa ametoka upande wa Kibabii, mrefu, mpole, hana cheti hata kimoja. Alichota mahindi kwa kiganja, akatia punje moja mdomoni, akaiuma. Ikilia kakakaka, anainua mkono na draya inafunguliwa. Akisita, anachukua chupa kavu ya glasi, anatia mahindi na chumvi kavu, anatikisa. Chumvi ikiganda kwenye glasi, mahindi bado yana maji. Wiki yangu ya kwanza aliniwekea punje mkononi, akaniambia, "Uma, mama. Usione haya. Hapa kila mtu anauma." Nilimpenda tangu siku hiyo, kama unavyompenda baba mdogo asiyekugombeza.

Kisha Meneja akaleta sensa ya unyevu, iliyokuwa imefanya kazi kwenye mtambo mwingine. "Mama Sharon, funga hii," akasema. "Unyevu ukifika kumi na tatu na nusu kwa mia, PLC ifungue yenyewe. Na hiyo siku ikianza kusoma vizuri, Mzee Barasa apumzike. Si ameshazeeka?"

Niliagiza moduli ya analogi, kile kipande kinachounganishwa na PLC ili iweze kusoma sensa. Moduli tulizokuwa nazo zilijua mambo mawili tu, ndiyo au hapana: swichi imebonyezwa au haijabonyezwa. Ya analogi hujua kadiri, kidogo, zaidi, sana. Nilizima umeme na kufunga swichi kuu kwa kufuli langu, nikapachika moduli kwenye reli ya ndani ya kabati, mwisho wa mstari, ikashikana na jirani yake. Nikapitisha waya wenye ngao mbali na nyaya nene za mota, maana mota huchafua ishara. Nikageuza vibonyezo vidogo vya ubavuni ili ipokee miliampia badala ya volti. Mwisho, nikaiandikisha kwenye programu kwa laptopu na kuchagua kiwango: nne hadi ishirini. Sikufikiri mara mbili. Taa ya kijani ikawaka, na mimi, nakiri, nikajipongeza.

Asubuhi ya majaribio Meneja alisimama mbele ya skrini, mikono kiunoni. Namba ya unyevu ilishuka polepole hadi kumi na tatu na nusu. Draya ikafunguka yenyewe, na vibarua wakaanza kushangilia. Mzee Barasa akachota, akauma.

"Hii bado."

"Bado nini?" Meneja akauliza. "Si unaona skrini?"

"Naona. Lakini hii mahindi iko na maji, bana. Mkiweka stoo itaota kuvu, na watu watakula."

"Ati meno yashinde kompyuta?"

Mzee hakubishana. Alichukua chupa yake, akatia chumvi, akatikisa, akamwinulia Meneja. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye glasi pande zote. Meneja akanitazama mimi. Niliomba nusu saa na draya isimamishwe.

Nilipanda kwenye sensa, Mzee akinishikia ngazi. Kibati cha maelezo kilikuwa upande wa chini, kimefunikwa na vumbi la mahindi. Nilikifuta kwa leso nikasoma: sufuri hadi ishirini. Ilikuwa sensa ya aina ya zamani, ambayo mwanzo wake ni sufuri. Moduli, kwa maagizo yangu, ilikuwa ikipunguza miliampia nne ambazo hazikupaswa kupunguzwa, na mahindi mabichi yakasomeka makavu. Kosa la mtu aliyekariri jibu moja kila Jumatatu.

Nilibaki juu ya ngazi. Kurekebisha kulihitaji dakika mbili. Lakini nikirekebisha, skrini itasema kweli, na Mzee ataenda nyumbani. Nikinyamaza na kusema sensa ni mbovu, Meneja ataitupa na Mzee atabaki. Hakuna aliyejua kusoma kile kibati ila mimi. Nawaambia ukweli, nilishawishika.

"Umepata?" akaniuliza kutoka chini.

"Nimepata, Papa. Nikiitengeneza itafanya kazi."

"Basi si utengeneze?"

"Na wewe?"

Mkono wake ulikuwa bado kwenye ngazi. "Mimi nimeuma hii mahindi miaka yote ndio watoto wa watu wasile sumu. Leo nikuombe uharibu ndio mimi nibaki? Tengeneza, mama."

Nilishuka nikilia waziwazi, nikabadilisha kiwango. Mahindi yakarudishwa juu. Skrini ilipofika tena kumi na tatu na nusu, Mzee aliuma, punje ikalia, akainua mkono.

Nilimwendea Meneja ofisini. "Mashine haikukosa. Mimi ndiye niliyekosa, sikusoma kibati."

"Na mimi ningejuaje?"

"Usingejua. Mzee ndiye aliyejua. Mkubwa, kipimo kisicho na kitu cha kukilinganisha nacho ni kubahatisha tu. Kesho sensa ikichoka, nani atakuambia?"

Alijikuna kidevu muda mrefu. Nikamwekea mezani fomu niliyoichora kwa rula: ukaguzi wa kila asubuhi, safu ya skrini, safu ya chumvi, safu ya meno, na mahali pa Barasa kuweka kidole gumba. Alicheka, kisha akatia sahihi.

Mzee alikaa misimu kadhaa zaidi. Siku moja baada ya mavuno alikuja karakana, kofia mkononi. "Mama Sharon, msimu wote huu sijabishana na hiyo kitu yako hata mara moja. Sasa nimechoka. Wacha niende nilime yangu." Nilimsindikiza hadi langoni.

Nimestaafu sasa. Vijana wakija kuniuliza habari za moduli, huwaambia wasome kibati kabla ya kugusa laptopu, na huwa nawaambia pia jambo ambalo vitabu vya kiufundi havina. Vifaa nilivyofunga maishani viliwaondoa watu wengi kazini, na wengi wao sikuwahi kuwajua hata majina. Mzee Barasa aliondoka siku aliyoichagua mwenyewe.