Kigoda Nilichokipaka Mafuta ya Kondoo

Ninyi vijana mnaosoma haya, msitoke darasani kabla mwalimu hajamaliza. Mimi nilitoka.

Nilijiunga na mafunzo ya useremala kwa wanaoanza, pale Katesh, bibi pekee kati ya wasichana. Nikatengeneza kigoda cha miguu mitatu. Siku ya mwisho fundi akasema, "Sasa mbao inapakwa mafuta ing'ae." Sikungoja aseme mafuta gani. Nani wa kunifundisha mimi mafuta? Kwetu ngozi na vibuyu hupakwa mafuta ya kondoo visipasuke. Nikaenda nyumbani, nikakipaka mara tatu.

Jumamosi wakaja wageni kumposa mjukuu wangu Neema. Viti vya plastiki nikavikataa kabisa. Baba wa kijana nikamkalisha kwenye kigoda changu, juani, wote wakione.

"Shikamoo, mama. Kigoda kizuri! Fundi nani?"

"Marahaba. Fundi ni mimi."

Maneno ya posa yalikwenda vizuri. Lakini aliposimama tuombe, suruali yake ya kijivu ilikuwa imelowa mafuta nyuma, duara kama sahani. Mbwa wetu wawili wakaja mbio, wakaanza kuilamba. Mzee wa watu akaruka.

"Mama! Umepaka nini hapa?"

Neema akajifunika uso kwa khanga. Posa hiyo, nikajua, imekwisha.

"Kondoo," nikajibu.

Akanitazama, akakitazama kigoda, akacheka mpaka akashika ukuta.

Nikageukia watu wa nyumbani kwangu: "Fungeni mbwa! Na mleteeni mkwe kiti cha plastiki!"