Kamio Iliyoacha Kukohoa

Mama Hawa wa Alunguli, ng'ambo ya mto, mkabala na gare, stesheni ya treni ya Kindu, alikuwa haoni. Macho yake yaliingia ukungu kidogo kidogo, mpaka siku moja akamuuliza binti yake Safi kama usiku umeshaingia, na kumbe ilikuwa adhuhuri. Lakini masikio, ndugu zangu, masikio yalibaki mazima. Alimjua kila jirani kwa namna anavyoburuta miguu. Na zaidi ya yote aliijua kamio, lile lori la mtoto wake Bulaimu.

Ilikuwa kamio ya kukohoa. Bulaimu aliiendesha kwa niaba ya Mgiriki mmoja, akileta mpunga na mapipa ya mawese kutoka Kampene mpaka treni. Karibu na Alunguli barabara ilipanda mlima wa udongo mwekundu, na jua likiwa kali kamio ilishikwa na kifua: inakohoa, inakata, inakohoa tena, inasimama. Bulaimu anashuka, anafungua kapo, kile kifuniko cha injini, anafunika pampu ya esansi, yaani ya petroli, kwa kitambaa cha maji, kisha anakaa majanini kuingoja ipoe.

Huku chini mama amekwisha kusikia. Anageuza uso wake upande wa mlima na kusema, "Safi, weka maji jikoni. Yaya yako Bulaimu iko mulimani."

Basi Bulaimu akifika kileleni, kabla hata hajaliona paa la nyumba, huona moshi wa jiko la mama yake ukipanda nyuma ya migomba. Hapo hujua kwamba amesikiwa. Hawakuwahi kupatana hivyo. Lilikuwa jambo lililojizaa lenyewe, kama njia inayozaliwa na miguu.

Lakini mlima huo huo ulimtenda. Siku baba yao, mzee Sumaili, alipofariki, Bulaimu alikuwa mlimani, amekaa anaipepea injini. Waislamu wa Kindu hawamcheleweshi maiti. Mzee akaswaliwa alasiri, akazikwa. Mtoto wake aliingia mtaani wakati watu wanarudi makaburini, majembe mabegani. Hakuna aliyemlaumu. Mama alimshika mikono yote miwili, akasema:

"Baba yako umemukosa. Mimi usinikose. Nitakungojea, lakini na wewe ufanye mbio."

Neno hilo likamkaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Siku moja alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko, anamtazama mama yake akisonga bugali. Kuni zilikuwa mbichi, moshi umejaa. Mama akakohoa, akageuza uso mlangoni, akavuta pumzi ya nje, akarudi kwenye mwiko. Akakohoa tena, akageuka tena. Bulaimu hakungoja chakula. Alikwenda akafungua kapo, akaweka mkono pale injini inapovutia hewa, akautoa haraka kwa joto. Akakumbuka kwamba alfajiri, au mvua ikiisha kunyesha, kamio hupanda mlima bila neno. Kumbe siku zote ilikuwa inapumua hewa ya jikoni! Haikuwa na ugonjwa. Ilikosa mlango.

Akaenda kwa Zéphirin, mfua bati wa karibu na gare, aliyetengeneza koroboi na mabirika. Akamchorea mchangani bomba lenye kiwiko. Zéphirin alitazama weee, akauliza ni tangu lini gari inavaa suruali ya mguu mmoja. Bulaimu akamjibu kwamba mtu ambaye mabirika yake yanajikojolea asicheke kazi ya mwenzake. Wakaendelea kutaniana hivyo huku nyundo ikilia, mpaka bomba likatoka: upande mmoja uvae mdomo wa karburateri, pale injini inapovutia hewa, ufungwe kwa ukanda wa mpira wa gurudumu, upande wa pili utokeze nje, kando ya taa, mbali na joto na juu ya madimbwi.

Kilibaki kitambaa cha kuzuia vumbi. Mama Hawa akatoa leso yake kuukuu, iliyochakaa hadi hewa inapita. Alipoambiwa ni ya kufunika mdomo wa kamio, alicheka hadi akashika mbavu. Akasema basi kamio sasa itajitanda kama bibi arusi. Bulaimu hakumweleza zaidi. Alitaka mama aone mwenyewe siku kamio itakapopanda bila kukohoa, yaani asikie.

Alilifunga bomba kule Kampene, wakati anangojea mzigo. Alipowasha injini, watu walitoka majumbani. Kamio ilikuwa na sauti nyingine. Ilinguruma kwa ndani, nzito, kama mtu anayepuliza kibuyu kikubwa. Bulaimu alifurahi. Kwamba kubadilika kwa sauti kunaweza kuwa na maana yoyote, hilo halikumjia. Lingemjia nani?

Mzigo haujatimia, akatokea shofere mwenzake Okito kutoka Kindu. Hakuzunguka: mama yako hali chakula tena, anakuita wewe tu. Bulaimu akaondoka na nusu ya magunia.

Alifika chini ya mlima jua likiwa utosini, saa ile ile ya kikohozi. Akashika usukani kwa nguvu, akasoma Bismillahi. Kamio ikapanda. Ikapita jiwe ilipozoea kukata, ikapita majani aliyozoea kukalia, ikinguruma vile vile mpaka kileleni. Bulaimu akacheka peke yake, kisha akaona haya kwa kicheko chake. Akatupa jicho nyuma ya migomba.

Hapakuwa na moshi.

Akajiambia leo amewahi mno, Safi hajapata nafasi ya kuwasha kuni. Akateremka.

Alipozima injini mbele ya nyumba, alisikia kilio cha wanawake kikianza. Hakikuwa cha zamani. Kilikuwa ndiyo kwanza kinapanda. Mikono ya mama yake ilikuwa bado na joto.

Safari hii hakukosa maziko. Alibeba jeneza, akashuka kaburini, akampokea kwa mikono yake. Kila mtu alisema Mungu amempenda, amewahi. Naye aliitikia.

Matanga yalipokwisha na watu kutawanyika, jiko lilikuwa bado baridi, maana siku zote hizo chakula kilitoka kwa majirani. Safi akaja kukaa karibu na kaka yake. Ndipo akaeleza kwamba mama alikuwa amelala kimya tangu asubuhi, anasikiliza mlima. Ghafla akainua kichwa, akauliza gari inayokuja ni ya nani.

"Na mimi nilisikiliza, yaya," Safi alisema. "Nikamuambia ni gari mugeni. Akasema basi wewe ungali mbali, apumuzike kidogo kwanza. Akageukia ukuta. Ni mimi njo nilimuambia si wewe."

Bulaimu alimwekea mkono kichwani.

"Hata mimi ningesema hivyo," akasema.

Kesho yake alipakia chumvi ya Mgiriki, akaondoka jua likiwa kali kurudi Kampene. Chini ya mlima, mahali nyumba haionekani, alisimama, akafungua kapo, akalegeza ule ukanda wa mpira. Leso aliikung'uta vumbi, akaikunja, akaitia kifuani. Bomba alilitupa nyuma, juu ya magunia. Kisha akawasha.

Kamio ikapanda inakohoa. Ikakata, ikakohoa tena, ikajikokota hadi karibu na kilele, ikasimama. Bulaimu akashuka, akaketi majanini, uso ameuelekeza Alunguli. Hakujua anangoja nini. Injini ilikuwa inalia ti, ti, ti, kwa kupoa.

Nyuma ya migomba moshi mwembamba ukaanza kupanda.

Aliutazama mpaka injini ikapoa kabisa, na baada ya hapo akaendelea kuutazama.